Mkate wa Mama Mukubwa

Panda, Likasi
11 Juni 1993

Mdogo wangu Gertrude,

Nianze na habari unazozitaka: Reine hajambo. Siku ile stesheni hakulia. Alisimama kashika kitenge changu mpaka behewa la mwisho lilipopotea, ndipo akaniuliza, "Mama mukubwa, banarudia lini?" Nikamwambia mtarudi mambo yakitulia. Usinilaumu. Ulitaka nimwambie nini mtoto wa miaka saba? Kwamba baba yake, aliyezaliwa hapahapa Likasi na kufanya kazi kiwandani hapahapa, leo anaitwa kilulu, mdudu, kwa kuwa babu yake alitoka Kasai?

Ulifanya vema kuniachia. Wanaosubiri treni bado wamelala pale nje chini ya maturubai, na hakuna siku inayopita bila kuzikwa mtoto. Kwa lile tumbo la Reine lililovimba na ule mharo wake, asingefika hata Kamina. Acha mumeo Mukendi akatafute pa kuwaweka kwao Mwene-Ditu, kisha mtamchukua akiwa na nguvu.

Nyumba yenu imeingiwa na watu. Wamepaka mlango rangi nyingine. Nikipita pale natazama upande wa pili.

Mimi dada yako niko na tanuri langu. Tangu kampuni ya madini iache kulipa, mtaa mzima unaishi kwa kuuza chochote, na namshukuru marehemu mume wangu kwa matofali aliyoyaleta kutoka kiwandani. Mkate unauzika. Na kila asubuhi mkate wa kwanza kutoka motoni ni wa Reine. Watoto wa majirani wanalala na bukari, ugali mtupu, wa mara moja kwa siku. Wako atakula mkate mpaka ashibe. Mungu hakunipa wa kwangu, basi huyu nitamlea kama yai. Siku utakayomwona tena hutamtambua.

Barua anakuletea Casimir, yule dereva wa treni aliyesali nasi Panda. Mpe majibu yeye. Posta imekufa.

Yaya yako,
Philomène

*

Mwene-Ditu
8 Agosti 1993

Yaya Philomène,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Tuko uani kwa mama mkwe, chumba kimoja kisicho na dirisha. Mukendi anatafuta kazi asiyoipata. Watu wa hapa wanatuita "watu wa Katanga", kama vile huko walivyotuita watu wa Kasai. Hakuna anayetutaka.

Chakula ni nshima, huo ugali wao wa mahindi na muhogo, asubuhi na jioni, na matembele siku za bahati. Mkate sijauona tangu stesheni ya Likasi. Na sikiliza maajabu: mwenzio nanenepa! Unakumbuka tumbo langu, lile lililonisumbua tangu tukiwa wasichana, mpaka mama akaacha kununua dawa? Limenyamaza. Uchovu umeniachia. Juzi nilibeba maji kutoka mtoni bila kupumzika njiani. Mama mkwe alinitazama, akasema kwa Kiluba chao, "Kuna nyumba zinazokula watu." Nilidhani anasema Likasi yote.

Niandikie habari za Reine. Zote, hata mbaya.

Mdogo wako,
Gertrude

*

Panda, Likasi
3 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Umesema hata mbaya. Haya.

Reine alianza kudhoofika mwezi wa saba. Choo chake kilikuwa cheupe, kingi, chenye harufu ya kumkimbiza mtu. Mikono ikawa vijiti, tumbo ngoma. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, wakampa ya malaria, wakampa tena ya minyoo. Kila alipozidiwa nilimwongezea mkate, nikaupaka siagi kidogo nikipata, nikasema angalau huu ni laini, utapita. Mwisho nikambeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Humo yuko daktari kijana anayeitwa Evariste, mtu wa maneno machache.

Wakamlaza. Na pale, Gertrude, kwa bukari na sombe, majani ya muhogo, ya jikoni mwa wagonjwa, mtoto alifufuka. Mharo ulikauka. Alianza kucheka, akawa anawaimbia wagonjwa wengine. Nikamrudisha nyumbani kwa shangwe, nikamwokea mkate wa maziwa. Hazikupita wiki mbili, tukawa palepale tulipoanzia.

Tuliporudi hospitali Dokta Evariste hakumgusa kwanza. Aliniuliza mimi. "Mama, huyu mutoto anakulaka nini kwako, kintu hakulake huku?" Nilikasirika. Nikamwambia kwangu anakula kuliko mtoto yeyote wa Panda. Akasema, "Njo maana nauliza."

Nimeshindwa kulala na swali hilo. Na si mimi peke yangu ninayeuliza. Mama Henriette, yule wa nyumba ya maombi nyuma ya soko, alinisimamisha njiani mbele ya watu: "Philomène, mutoto anaponaka kwa bengine, anagonjwaka kwako. Weye unaonaje?" Watu walisogea kusikia jibu langu. Tangu siku ile wateja wangu wamepungua.

Yaya yako,
Philomène

*

Mwene-Ditu
14 Novemba 1993

Yaya,

Nina mimba. Mwezi wa nne, na haijatikisika. Unajua mwenyewe jinsi zilivyotoka zote baada ya Reine, mimi nikiwa huko, nikila mezani kwako kila siku.

Mama mkwe anasema: Gertrude aliondoka kwa dada yake, akapona. Mtoto aliondoka kwa dada yake akaenda hospitali, akapona. Alirudi, akaugua. Dada mtu hana mtoto. Anasema hana la kuongeza.

Mimi namkatalia. Nimemwambia wewe ndiwe uliyenilea mama alipokufa. Lakini usiku unakuwa mrefu, yaya, na maneno yanarudi. Basi nakuuliza mimi mwenyewe, si wao: unampa nini mwanangu?

Gertrude

*

Panda, Likasi
12 Desemba 1993

Gertrude,

Nampa mkate. Hilo ndilo jibu, na ndilo la daktari pia.

Nisikilize kwa utulivu, maana na mimi nilielezwa mara nyingi kabla ya kuelewa. Dokta Evariste anasema ndani ya utumbo wa mtu kuna vinyweleo kama vya taulo, navyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Kuna watu ambao ngano inavinyoa vile vinyweleo mpaka utumbo unabaki laini kama sakafu. Chakula kinapita tu. Mtu anakula na njaa inamuua. Ni ngano, si mahindi, si muhogo, si mchele. Jina lake kwa Kifaransa ni maladie cœliaque. Aliusoma ugonjwa huo Ubelgiji; hapa hajawahi kuuona.

Nikamwambia, basi leo hii naacha. Akashika kichwa. Akasema, "Hapana, mama. Bado." Maana hana hakika. Huenda ni kifua kikuu cha tumbo, huenda ni kitu kingine, na dawa zake ni tofauti kabisa. Lazima aingizwe mrija wenye taa mpaka tumboni, huko Lubumbashi, wakate kipande kidogo cha utumbo, kipelekwe Ubelgiji kutazamwa. Na kama mtoto ameacha mkate, vinyweleo vitaota tena na kipimo hakitaonyesha kitu. Kwa hiyo mpaka mwezi wa kwanza ale mkate. Kila siku, bila kukosa.

Fikiria hilo. Kila asubuhi nampa kwa mkono wangu kitu ambacho sasa najua kinamuumiza. Jana alifunga mdomo. Nikamwambia, "Kula, mama, kidogo tu." Alinitazama kwa yale macho yaliyozama, akaniuliza, "Mama mukubwa, minye nilikosa nini?" Akala. Mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya tanuri mpaka aliponiita.

Nakwambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mtu wa hapa. Niombee.

Philomène

*

Mwene-Ditu
30 Januari 1994

Yaya mpendwa,

Barua yako imefika. Mukendi aliisoma kwa sauti mbele ya wote, nami nilisikia.

Tuko wazima. Mimba inakua. Endelea tu kama daktari alivyosema, sisi hatuna neno. Usihangaike kuandika barua ndefu. Mungu anaona kila nyumba.

Wasalimie wa Panda. Msalimie Mama Henriette.

Gertrude

*

Panda, Likasi
6 Machi 1994, Jumapili

Gertrude,

Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine. Ilikuwa ya furaha. Nilikueleza jinsi tulivyokwenda Lubumbashi kwa lori la misheni, jinsi Reine alivyomeza ule mrija huku akinibana kidole mpaka ukucha ukaingia, na jinsi masœur mmoja, mtawa aliyekuwa anakwenda likizo Ubelgiji, alivyokichukua kichupa chenye kile kipande cha utumbo. Nilikueleza kwamba siku ileile Dokta Evariste alisema, "Sasa acha mkate," na nikaacha. Nilizima tanuri kabisa, kwa kuwa unga ulikuwa unapeperuka mpaka kwenye sufuria zake. Bukari, sombe, karanga. Mashavu yake yalianza kurudi. Nilikuandikia kwamba alikuwa anaruka kamba.

Barua hiyo nimeichana.

Jumatano walikuja watu wa nyumba ya maombi, wanaume na wanawake, Mama Henriette mbele. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Huyu mutoto, mama yake njo aliniachia." Mama Henriette akafungua karatasi, na nikaujua mwandiko wako kabla sijasoma neno. Nilikufundisha mimi mwandiko huo. "Mimi Gertrude, mama mzazi wa Reine, nampa Mama Henriette ruhusa ya kumtoa mwanangu mikononi mwa dada yangu, ambaye amekiri mwenyewe kwamba anamlisha kitu cha kumdhuru."

Nimekiri. Ndivyo ulivyoisoma barua yangu.

Wakamchukua Reine. Niliwaomba jambo moja tu: wasimpe mkate. Walitazamana. Mmoja akasema, "Munasikia? Anaogopa mukate ya Bwana." Maana kumbe mtu aliye chini ya maombi pale hali kingine, Gertrude. Ni maji na mkate uliobarikiwa, mpaka pepo litoke. Na akiugua, wanasema pepo linapigana, wanamwongezea.

Nilienda kwa askari, magendarme. Walisema mambo ya maombi hayawahusu. Dokta Evariste alienda mwenyewe; walimfungia mlango. Wanasema watamtoa kwa neno la mama aliyemwingiza, si kwa la mtu mwingine.

Unichukie baadaye. Andika sasa. Na kabla hujaandika, fikiri juu ya mwili wako mwenyewe: tumbo lako la usichana, mimba zilizotoka. Daktari anasema ugonjwa huu unatembea katika damu ya ukoo. Hukupona kwa kunikimbia mimi. Ulipona kwa kukosa mkate.

Philomène

*

Hospitali ya misheni, karibu na Likasi
15 Machi 1994

Mama Gertrude,

Hunijui. Mimi ni daktari wa mwanao.

Jibu limefika kutoka Ubelgiji. Ni maladie cœliaque, bila shaka yoyote: kipande cha utumbo wa Reine kilikuwa laini, hakina vinyweleo. Dada yako hakumlisha sumu. Alimlisha mkate, kama mama yeyote angefanya, na aliendelea kumlisha kwa sababu mimi nilimwamuru. Kama kuna wa kulaumiwa kwa wiki zile, ni mimi.

Jana nilimwona Reine kupitia dirishani. Miguu imevimba. Alikuwa amekaa, na mwanamke mmoja alikuwa anamshikia kichwa ili ale. Sitaki kukutisha, lakini mwili uliokwisha kupona kidogo ukirudishwa kwenye ngano namna hii hauna akiba. Siwezi kukuambia ana muda gani. Andika kwa mkono wako, umwagize Mama Henriette amtoe, na mpe Casimir.

Dokta Evariste

*

Mwene-Ditu
6 Aprili 1994

Yaya,

Casimir amekaa mlangoni anangoja, treni linaondoka, naandika haraka.

Siku ya Pasaka padri wa hapa aligawa mkate kwa sisi wakimbizi. Nilikula wangu, na wa Mukendi nikala nusu. Nilifurahi, yaya, nilikumbuka Panda. Jua halijazama nikaanza kutapika, tumbo likakatika kama zamani, siku nzima, na iliyofuata, mpaka nikadhani mtoto anatoka. Nililala chini nikawa najiuliza: Philomène yuko wapi hapa? Mkono wake umefikaje? Mama mkwe akasema uchawi hauhitaji treni. Lakini sikumwamini tena.

Siku ya tatu Casimir akaleta barua zenu mbili pamoja.

Karatasi ya Mama Henriette iko humu. Nimeandika wazi: mpe yaya yangu mtoto wangu, leo hiihii, asile mkate tena hata kipande. Mukendi ametia sahihi pia. Ningekuja mwenyewe, lakini miguu yangu imejaa na mtoto amekwisha kushuka.

Kimbia, yaya. Sina neno jingine. Kimbia.

Gertrude

*

Panda, Likasi
22 Mei 1994

Gertrude,

Tulimtoa.

Casimir hakupita kwake hata kunawa. Alikuja moja kwa moja kutoka stesheni na nguo zake za mafuta. Tulikwenda watatu, na Dokta Evariste. Mama Henriette aliisoma karatasi yako mara mbili, kisha akatupisha mlangoni. Hakubisha. Reine alikuwa kwenye mkeka, miguu imevimba inang'aa, mkono ukiubana unabaki na shimo. Hakuweza kusimama. Nilipomwinua nilishangaa: niliogopa uzito, na uzito haukuwepo.

Siku za kwanza hospitali daktari hakuahidi kitu. Alimwekea damu mara mbili. Alikuwa anampa uji wa mahindi kwa kijiko cha chai, anangoja, anampa tena. Usiku mmoja aliniitia padri, nami nikajua maana yake. Lakini alivuka. Mharo ulikatika, uvimbe ukashuka polepole, na wiki iliyopita alitembea mpaka bombani na kurudi, ameshika ukuta. Atapona. Daktari sasa anasema neno hilo bila kuangalia pembeni. Mkate asiuguse maisha yake yote.

Mama Henriette alikuja wodini. Alikaa sakafuni, akalia. Alisema, "Minye nilimupendaka. Kipande kikubwa kilikuwaka cha yeye." Namwamini. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: na mimi nilimpa kipande kikubwa.

Casimir ameniambia umejifungua mtoto wa kiume, na kwamba analia kwa nguvu. Mungu amlinde. Usimwonjeshe ngano mpaka daktari amwone. Wewe mwenyewe usile tena, hata wakikucheka. Huhitaji mrija, Pasaka ilikupima.

Kwangu mkate hauuzwi tena. Wapo wanaonisalimia na wapo wanaovuka barabara. Nachemsha muhogo na karanga, nauza kwa wachimbaji wanaotoka Kambove, ambao hawanijui. Tunakula.

Umeniuliza kupitia Casimir kama nimekusamehe. Bado, mdogo wangu. Siku nyingine naamka nikidhani nimekwisha, halafu nauona ule mwandiko. Hilo tuliache, ni langu na wewe, na sisi ni watu wazima.

Lakini lipo la Reine. Kila siku walipomwombea, walimsomea karatasi yako ya kwanza. Walitaka pepo lisikie kwamba hata mama yake amelikataa. Reine ameishika kichwani yote, neno kwa neno. Hakuniambia; nilimsikia akiisema usingizini. Salamu zako alizozileta Casimir nilipompa, aligeukia ukutani. Sikumwambia kwamba hukujua watakalomtendea. Sikumwambia pia kwamba ulijua. Si kazi yangu.

Jana Dokta Evariste alimwambia kwamba Jumamosi atatoka, akamwuliza kwa mchezo, "Tuite nani akuje kukuona unatoka?" Reine alifikiri sana. Kisha akasema, "Hapana muntu."

Mtoto akinyonya vizuri, mfunge mgongoni upande treni la Casimir. Wewe ni mtu wa hapa, hakuna atakayekugusa. Usitume zawadi, usitume mtu, na usiandike barua ya kusomewa. Njoo kwa miguu yako, akuone unaingia mlangoni, kabla hajalizoea lile neno alilomjibu daktari.

Yaya yako,
Philomène